Viganja Vyeupe Kwenye Vitenge

Niliacha shule mapema ili nilee wadogo zangu wanne, na riziki yao inatoka kwenye ndoo ya klorini ya kunawia mikono ninayochanganya mlangoni mwa kanisa letu hapa Bunia. Kipimo cha kunawia ni kijiko kimoja; vijiko kumi ni vya kusafishia choo. Sikukuu ya akina mama nikatia kumi, nikidhani ukali ndio usafi.

Akina mama walinawa, wakajipangusa kwenye vitenge vyao vipya vya sare. Ibada ilipoisha, kila kiuno kilikuwa na alama za viganja vyeupe.

“Papa, uliweka nini mu maji?” mama kiongozi aliniuliza mbele ya pasta.

“Ni kitenge, mama. Rangi ya siku hizi haishike.”

“Na suruali yako nyeusi, mbona iko muzima? Weye haukunawa?”

Pasta akanigeukia. Tangu nipewe kazi ya kuwanawisha watu, mimi mwenyewe sijawahi kunawa.