Mwaka Niliotaka Mbuzi Wetu Aote Meno Marefu

Harufu ya majani ya msuku, mti wa porini kwetu, yaliyotafunwa ndiyo inayonirudisha nyumbani Matogoro. Ilitoka kinywani mwa mbuzi wetu, Sista, tuliyemwita hivyo kwa kuwa mwili wake ulikuwa mweusi na kichwa cheupe kama kitambaa cha masista wa misheni. Sista alikuwa na maringo. Nyasi alizinusa tu, kisha akasimama kwa miguu ya nyuma kuchuma majani ya vichaka. Mwaka ule baba alifyeka vichaka vyote nyuma ya nyumba ili apande mahindi, na Sista, alipokosa majani, akahamia kwenye kisamvu cha jirani yetu, Mama Komba. Baba akasema, "Akiingia tena shambani kwa watu, ni mchuzi." Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na mchuzi aliupenda. Mimi nilimpenda Sista kuliko kaka zangu wote.

Wiki hiyohiyo mwalimu akatufundisha kwamba hapo kale misitu ilipopungua na nyasi zikatanda, wanyama wengi wanaonyonyesha walibadilika. Nyasi zinasaga meno kama msasa. Waliojaliwa meno marefu wakaishi na kuzaana, na wengi waliong'ang'ania majani laini wakatoweka. Alisema pia kwamba jambo hilo lilichukua vizazi visivyohesabika, lakini hapo nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilikuwa na mbuzi wa kuokoa. Nikazinyunyizia nyasi maji ya chumvi ili zimvutie, na kila asubuhi nikampanua Sista mdomo kuona kama meno yamerefuka. Akanipiga pembe. Penye nia pana njia: nikakumbuka mwalimu alisema mahindi nayo ni jamii ya nyasi, na wakati huo tulikuwa tunapunguza miche ya mahindi shambani. Nikamletea ile tuliyong'oa. Alikula hadi akafumba macho.

Jumamosi kamba niliyomfungia ikakatika. Sista akapita katikati ya mihogo ya Mama Komba bila kugusa hata jani moja, mwanafunzi mwema, akaingia kwenye mahindi yake. Mama Komba akaja akimburuta, mkono wa pili ameshika mahindi machanga yaliyotafunwa. Baba akaagiza kisu.

"Shikamoo, Mama," nikasema huku kamasi zikinichuruzika.

"Marahaba," akajibu bila kunitazama.

"Baba, amefaulu! Kisamvu hajagusa! Mimi ndiye niliyemfundisha kula nyasi, na mahindi ni nyasi, mwalimu kasema!"

Mama Komba akamgeukia baba. "Kumbe, Baba Gaudensia, miaka yote hii tunakula ugali wa nyasi?" Akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa juu ya kinu kilicholazwa. "Mwache bwana. Huyu keshasoma, nyama yake itakuwa ngumu. Akizaa, mtoto wa kwanza ni wangu." Baba akarudisha kisu ndani, akanuna hadi Jumapili. Mimi sijawahi kumpenda mtu mzima kama nilivyompenda mama yule siku ile.

Siku hizi misuku imebaki michache, nyumba zimebanana, na mbuzi wa mtaani kwetu wanakula pumba na maboksi. Meno yao sijayachunguza. Waliobadilika ni sisi wenye mashamba, tena haraka kuliko alivyosema mwalimu: mbuzi akivuka mpaka, kesi inafika kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya salamu. Juzi nimemkuta mmoja kwenye mahindi yangu, na nyuma yake binti wa jirani anakuja mbio, kamba tupu mkononi. Mimi jiwe nilikuwa nimeshaliokota. Kicheko kama cha Mama Komba kilichelewa sana kunijia, lakini kilikuja.