Uzi Kwenye Kalamu

Usiku kucha sikufumba jicho kwa ajili ya mtihani wa mwisho wa shahada ya uzamivu wa binti yangu, lakini mwalimu wake, niliyeketi naye nje ya chumba cha watahini, alikuwa ametulia kama maji ya mtungini. Mikono tu ndiyo haikutulia. Kila akiongea huzungusha uzi kwenye kalamu, na kila mzunguko huusogeza kidogo. “Ndivyo chembe za gesi ya moto zinavyokwenda ndani ya tanuri letu la maabara, mama,” aliniambia. “Sumaku inazizuia zisiguse ukuta, nazo zinazunguka huku zikiteleza. Mimi niliandika kitabuni mwangu kwamba zinavuja polepole. Mwanao anasema zinavuja haraka.” Nikamuuliza kwa woga nani mkweli. Akacheka. “Mtoto wako ana kichwa kigumu. Kila nilipomrudisha apige hesabu upya, alikuja na jibu lilelile.”

Mlango ukafunguka nusu, mtahini akachungulia. “Mwalimu, tukimpasisha huyu, kitabu chako kinaanguka. Unasemaje?” Hakupandisha hata sauti. “Kiacheni kianguke. Nimepiga hesabu upya mwenyewe. Niliyekosea ni mimi.” Mtahini akausukuma mlango ukawa wazi wote. “Mama,” akaniita, “njoo umpongeze mwanao.”