Jeshi Lisilo na Miguu

Majuzi mtu mmoja kwenye televisheni alizisifu sana ndege za kivita za Wareno katika vita vya ukombozi wa Msumbiji, nikasonya. Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni nyumbani kwetu Morogoro, harufu ya karanga za kukaanga, na Dada Marta, mpiganaji wa Msumbiji aliyekuja kutibiwa bega.

Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule, alimwambia, "Wenzenu wana ndege na vifaru. Ninyi mna bunduki tu."

"Mwalimu, wana kila kitu isipokuwa miguu," Marta alijibu huku akipuliza maganda. "Porini hawaingii."

Nilidhani Wareno wote ni viwete, nikauliza nani huwabeba. Marta alicheka mpaka akashika kidonda.

Sasa najua miguu walikuwa nayo. Walichokosa ni sababu ya kuifia nchi ya watu. Marta alikuwa na sababu ya kuifia nchi yake, akarudi vitani kabla bega halijapona.