Siku Nilipoacha Kuona Mwendo

Wiki ya pili baada ya kujifungua mwanangu wa kwanza, kichwa kiliniuma kama kinachopasuliwa, nikaanguka ndani ya nyumba yetu ya kupanga pale Onduparaka. Nilipozinduka hospitalini, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Mara alikuwa amekaa kitandani kwangu. Sikumwona akitembea.

Nilidhani nimesinzia kidogo. Lakini muuguzi naye alikuwa dirishani, mara uso wake ukawa juu ya uso wangu. Nikapiga kelele.

Daktari alikuja, akainua kalamu na kuisogeza mbele yangu.

"Inaenda wapi?" akauliza.

"Haiendi. Iko huku. Sasa iko kule."

Aliniuliza rangi yake, nikamwambia bluu. Nilisoma hata maandishi madogo yaliyokuwa ubavuni mwake. Akavuta kiti, akanieleza kwamba damu ilikuwa imeganda kwenye mishipa ya kichwani, jambo linalowapata wanawake wachache baada ya uzazi. Ilikuwa imejeruhi ubongo kwa nyuma, pande zote mbili.

"Macho yako ni mazima, mama," alisema. "Jicho linaleta habari tu. Ubongo ndio unaoigawa: sehemu moja rangi, sehemu nyingine sura. Pale ulipoumia ndipo panapotambua mwendo."

"Nitapona?"

"Dawa itazuia damu isigande tena. Hayo mengine sijui."

Nikarudi nyumbani. Watu wakija kuniona, midomo yao ilirukaruka huku sauti zikipita sawasawa. Nikawa nasalimia huku nimetazama sakafu. Jirani mmoja akasema nimeanza kuringa. Chumba kikijaa watu nilijibanza pembeni na kuugeukia ukuta, maana mtu aliyekuwa mbali angeweza kunitokea puani bila kupita popote.

Duka la sabuni lilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Asubuhi moja nilijikaza. Niliona bodaboda iko mbali, kule kwenye kona, nikateremka barabarani. Gurudumu likawa gotini kwangu.

"Mama, wewe hapana ona?" dereva alifoka.

Nilikuwa nimemwona. Niliona hata kifungo kilichokatika kwenye koti lake. Baada ya siku hiyo sikutoka tena nje ya geti, miezi mitano mizima. Mume wangu alipokwenda kazini nilibaki na mtoto, kuta nne na kelele za pikipiki.

Kisha mtoto akaanza kutambaa.

Siku hiyo nilikuwa nachambua maharage. Mtoto alikuwa kwenye mkeka. Nilipotazama tena alikuwa karibu na sigiri ya makaa, na sufuria juu yake ilikuwa inachemka. Nilirusha mikono kumkamata, nikashika hewa. Macho yalinionyesha alipokuwa, si alipo. Nikayafumba. Nikasikia viganja vyake vikipigapiga saruji, upande wa kushoto, nikajitupa huko na kumshika mguu. Sigiri ilipinduka. Maji yaliniunguza mkono wangu, yeye hayakumgusa.

Jioni mume wangu aliutazama mkono ule.

"Mtoto aende kwa mama yako, kule kijijini Lobule," akasema.

"Mimi nibaki hapa na nani?"

"Unataka aungue?"

Nilimchukia, na nilijua yuko sahihi. Siku tatu nilikunja nguo za mtoto na kuzikunjua tena.

Mama yangu alifika kutoka Lobule, huko wilayani Koboko, kumchukua. Ni mke wa askari aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Aliuona mfuko mmoja tu umefungwa.

"Nguo zako iko wapi?" akaniuliza.

"Mimi siendi, mama."

"Mimi nimekuja kuchukua mtoto wangu pia. Funga."

Mume wangu aliinamisha kichwa, kisha akaenda kuniletea mfuko wa pili. Njiani nilifumba macho hadi Koboko, kwa kuwa miti ya dirishani ilinirukia kama vibao.

Lobule hakuna pikipiki nyingi. Watu hutembea, na wenye baiskeli walizoea kupiga kengele wakiniona. Nilijifunza kusubiri sauti kabla ya kuinua mguu. Hata hivyo sikuvuka mwisho wa shamba la mihogo peke yangu. Kizuizi changu kilipanuka tu, hakikufunguka. Mume wangu alikuja kila mwisho wa mwezi, akajifunza kuniita kabla ya kunikaribia.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa uani. Mama yangu alimsimamisha mtoto, akamwachia. Watu wote wakapiga vigelegele, "Anatembea! Anatembea!" Nikakaza macho yangu yote mawili. Nilimwona amesimama mbele ya bibi yake, mikono juu. Kisha nilimwona magotini kwangu, anacheka, kucha zake ziko kwenye gauni langu. Katikati hapakuwa na kitu.

"Umeona?" mama yangu akaniuliza, kisha akajiziba mdomo.

"Alipiga hatua ngapi?" nikamuuliza.

Akaja akaketi kando yangu, akanihesabia.