Mdogo Wangu Alifaulu, Mimi Nikamwambia Amefeli

Admin, ficha jina langu. Aibu siiogopi, ila wajukuu zangu wanafuata ukurasa huu na watakuja mbio kunifariji. Nina miaka sabini na tisa. Nilikuwa mwalimu, nikawa mwalimu mkuu, nikastaafu nikiwa mkaguzi wa shule. Naishi Shinyanga mjini. Moyo umechoka; kutoka kitandani hadi chooni napumzika mara mbili.

Kila siku nawasoma humu mkiorodhesha malengo yenu. Nyumba, gari, mume mcha Mungu, na chini yake vimikono vya kupiga makofi. Upuuzi mtupu. Mtu mnayetamani kuwa ni mimi. Nikiwa na miaka ishirini na saba niliandika malengo matatu daftarini: nimwoe binti wa katekista, nijenge nyumba ya bati, niwe mwalimu mkuu kabla ya miaka arobaini. Nilitimiza yote. Juzi kanisani kijana mmoja mwenye viatu vya kung'aa alinisimamisha akasema, "Mzee wetu huyu ni darasa la malengo!" Akina mama wakapiga vigelegele. Nilitamani kumtapikia vile viatu.

Darasa lenyewe hili hapa.

Baba wa yule binti alitaka ng'ombe ambao baba yangu hakuwa nao. Kwetu Usukumani kaka huoa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake, na mimi nilikuwa na mdogo wangu mmoja wa kike. Nimwite Mama Shija. Alikuwa darasa la saba, shule hiyohiyo niliyofundisha, na tayari alishapatikana mchumba mwenye zizi lililojaa. Baba alimwita mbele yangu akamwambia, "Kwenye huo mtihani andika uongo. Ukifaulu serikali inakuchukua. Kaka yako ataoa kwa kuku?"

Nilicheka. Mwalimu mzima, nilicheka.

Baada ya mtihani alinifuata kisimani. "Kaka, nimeandika ya kweli yote. Usimwambie baba. Nikichaguliwa utanitetea, si ndiyo?" Nikamjibu ndiyo.

Majina yalipotoka nilitumwa mimi kuyafuata wilayani kwa baiskeli. Shule nzima walichaguliwa wasichana wawili, jina lake la kwanza. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba huyu ameshaolewa, nafasi apewe mwingine. Hakuuliza, maana wasichana wengi iliwatokea hivyo. Orodha ya kubandika ukutani niliinakili kwa mkono wangu, yeye hayumo. Nyumbani nikamwambia, "Umefeli."

Hakulia. Aliuliza tu, "Hata karibu sikufika, kaka?"

"Hata karibu."

Ng'ombe waliingia zizini kwetu, na kabla hawajazoea maji yetu wakaswagwa kwenda kwa katekista. Hilo ndilo lengo langu la kwanza. Pigeni makofi.

Leo mke wangu ni marehemu, na watoto tuliowasomesha hunitumia salamu kwa simu. Anayepanda basi kutoka Katoro, anakouza mchele, kuja kunifulia na kunipikia, ni Mama Shija. Wiki iliyopita alikuja na mjukuu wake, binti aliyemaliza kidato cha nne na kuchaguliwa kwenda cha tano. Anakataa kwenda. Nikamuuliza sababu.

"Babu, kichwa kiko upande wenu," alisema huku akicheka. "Sisi wa kwa bibi ni watu wa sokoni. Bibi mwenyewe alikazana kwa nguvu zote, akaambulia patupu. Mimi nitafika wapi?"

Bibi yake alikuwa anakoroga uji. Akadakia, "Mwache, kaka. Usimlazimishe akaumbuke kama mimi. Wewe hujui uchungu wa kujaribu kweli, halafu ukakuta akili yenyewe hukupewa."

Amebeba hayo tangu akiwa na miaka kumi na minne. Sasa amemrithisha mtoto. Mimi nilikunywa uji, nikaomba kikombe cha pili.

Baba alishakufa, mwalimu mkuu alishakufa. Ukweli huu umebaki kwangu tu, na sina muda mrefu. Binti anatakiwa kuripoti shuleni Jumatatu. Wote wawili watakuja Jumamosi. Nikisema, huenda mtoto akaenda shule, na mdogo wangu akafunga mzigo wake, nikafa bila mtu wa kunipa maji. Nikinyamaza, atakuwa wa kwanza kusimama msibani kunisifu.

Mnaotaka kuniandikia "jisamehe, mzee, Mungu ni mwema" bakini na vimikono vyenu. Msamaha sijauomba hapa. Nauliza jambo moja, na ajibu mwenye akili: unaanzaje kumwambia mwanamke wa miaka sitini na sita kwamba alikuwa wa kwanza? Nishaurini kabla ya Jumamosi. Nimwambie vipi?