Aliyezidi Mezani

Wakili hakuwahi kukaa mezani kabla ya kuhesabu watu. Hakunyoosha kidole wala hakutoa sauti. Macho yake yalizunguka meza taratibu kuanzia mlangoni, na midomo ikichezacheza kama ya mtu anayesali. Watoto wa mdogo wake waliijua tabia hiyo tangu wangali wanalishwa kwa kijiko, na mkubwa wao, aliyejaliwa ulimi, hakuchoka kumchokoza.

"Tumetimia, afande?"

"Kula, mwenye domo wee."

"Hakuna aliyetoroka?"

"Ukiendelea utatoroka wewe, na hiyo sahani yako naishika kama kielelezo."

Meza nzima ikacheka, na Wakili akacheka nao mpaka miwani ikamteleza puani. Lakini mdogo wake, aliyemfahamu tangu walipokuwa wakigombania shuka moja, alimwona akirudia hesabu katikati ya kicheko. Alipofika mwisho, macho yalisimama kwenye pembe ya meza ambako hapakuwa na kiti.

Mawakili wa rufaa za jinai katika mahakama alikofanyia kazi Wakili walitoka kila upande. Mmoja alikuwa mwendesha mashtaka kwa miaka mingi, akachoka kufunga watu akageuka kuwafungua. Mwingine alikuwa karani wa jaji. Alikuwepo pia mzee mmoja aliyefundisha sheria chuoni, ambaye mpaka leo anawahutubia majaji kana kwamba watafanya mtihani. Wakili peke yake ndiye aliyetoka gerezani. Wenzake walipenda kulisema hivyo hivyo mbele ya wageni, "Huyu dada ametoka gerezani," kisha wanasubiri mgeni abadilike uso ndipo waeleze kwamba alikuwa askari magereza. Alivaa sare za gereza la wanawake, akasoma sheria jioni baada ya zamu, na siku alipokula kiapo cha uwakili alikuwa na mvi za kutosha kichwani.

Ofisi ya Wakili na mdogo wake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Wakili alikaa akiutazama mlango, hakuupa mgongo hata siku moja. Mdogo wake ndiye aliyekuwa karani, mpiga chapa na mfungua dirisha. Alisoma mpaka sekondari tu, lakini aliweza kupanga kurasa za rufaa akiwa amefumba macho. Walianza kila asubuhi kwa sala fupi, kila mmoja amesimama kwenye meza yake, kisha kazi.

Kilichomtoa Wakili kwenye sare, familia ilikijua nusunusu. Nusu nyingine mdogo wake aliisikia siku walipokwenda wawili gerezani kumwona Fundi.

Fundi alikuwa mshona nguo aliyefungwa maisha kwa kumuua mumewe. Waligombana juu ya ngazi, mume akaanguka, na shahidi pekee alikuwa shemeji yake. Kule polisi, shemeji alisema alisikia kishindo akatoka chumbani kuangalia. Mahakamani akasema aliona kwa macho yake mikono ya Fundi ikisukuma. Jaji aliyemtia hatiani hakulitazama jambo hilo hata kwa sentensi moja. Kwa wakili wa rufaa, kesi ya namna hiyo ni mlango ulioachwa wazi. Tatizo ni kwamba jalada lilipotea masijala, likaonekana, likakosa kurasa, kurasa zikatafutwa, na miaka ikaenda. Sasa tarehe ya kusikilizwa ilikuwa imekaribia, na mahakama ilikuwa imempangia Wakili kumtetea.

Wakaketishwa kwenye chumba cha wageni, chenye meza ya mbao na benchi mbili. Fundi akaletwa, mama mnene kiasi, mwenye vidole vilivyochomwachomwa na sindano. Wakili akainuka kumsalimu. Macho yake, kwa mazoea, yakapita mlangoni, yakapita kwa mdogo wake, yakafika kwa Fundi, na midomo ikacheza.

Fundi akaurudisha nyuma mkono aliokuwa ameunyoosha.

"Ni wewe," akasema.

"Shikamoo, mama. Mimi ni wakili uliyepangiwa na..."

"Umenenepa, umevaa miwani, umejitia na koti jeusi. Lakini hiyo midomo naijua. Bado unatuhesabu?"

Mdogo wake alimtazama dada yake, akaona rangi imemtoka usoni kama nguo iliyofuliwa sana.

"Huyu ni nani kwako?" Fundi akamuuliza mdogo mtu.

"Ni dada yangu."

"Basi dada yako nilikuwa namwita afande. Seli yetu ilikuwa ya mwisho. Pembeni yangu alilala mwenzetu mmoja tukimwita Msusi, maana alitusuka wote, hata askari. Huyu naye alisukwa, muulize. Msusi alikuwa anasubiri rufaa yake. Kila jioni anauliza, afande, karatasi zangu zimekuja? Na huyu anajibu, bado, Msusi, vumilia. Asubuhi moja akaja kuhesabu. Wanasimama pale pale mlangoni, wanatazama vichwa. Vichwa vilikuwepo vyote. Akasema, wametimia, akafunga. Chai ikaja, na ya Msusi ikaja. Nikamtikisa anywe. Mwili ulikuwa wa baridi kama sakafu."

Akamgeukia Wakili.

"Ulimhesabu maiti, afande. Ukaandika mzima."

Mdogo wake alitarajia dada atajitetea, kwa kuwa kujitetea na kutetea ndiyo ilikuwa kazi yake. Wakili hakujitetea. Aliketi, mikono juu ya meza.

"Na karatasi zilikuja," Fundi akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Haikupita muda, ukaja wito, Msusi afike mahakamani rufaa yake isikilizwe. Aliyekuja kuuita huo wito mlangoni kwetu ni nani?"

"Ni mimi," Wakili akasema. "Nilikuwa zamu. Niliambiwa nisome majina ya wenye wito, na lake lilikuwemo. Nikalisoma."

"Ukalisoma mara mbili."

"Nikalisoma mara mbili."

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Fundi alisema haitaki rufaa. Aliomba afisa wa gereza amletee fomu ya kuiondoa, aweke dole gumba yaishe, kwa kuwa yeye hawezi kukabidhi roho yake kwa mtu anayehesabu kutoka mlangoni. Mdogo wake Wakili alikuwa amepiga chapa rufaa za kutosha kujua kwamba iliyoondolewa imeondolewa, hairudi kwa machozi wala kwa majuto. Akifanya hivyo, mama huyu atafia humu, na ushahidi wa kumtoa upo mezani, umefungwa kwa uzi.

"Mama," akasema, "tafadhali, mfikirie hata..."

"Mwache," Wakili akamkata. "Ni haki yake."

Hapo mlango ukafunguliwa nusu. Ilikuwa saa ya hesabu ya mchana. Askari mmoja, binti mbichi ambaye sare bado ilimpwaya, akaingiza kichwa, akatupa jicho, akaandika kwenye ubao wake huku ameshageuka kuondoka.

"Mmoja kwa wageni, sawa."

"Binti," Wakili akaita. "Rudi."

Haikuwa sauti ya wakili. Mdogo wake hakuwahi kuisikia nyumbani. Binti alirudi akasimama wima kabla hajajua kwa nini.

"Umemhesabu nani?"

"Mfungwa, mama."

"Umejuaje kama ni mzima?"

Binti akacheka kwa wasiwasi. "Si yule pale amekaa?"

"Hata mimi niliona amelala. Ingia ndani. Njoo mpaka hapa. Msalimie."

"Utaratibu wetu, mama, tunahesabu tukiwa..."

"Naujua utaratibu wenu, niliula nikashiba. Msalimie, usubiri akuitikie. Asipokuitikia usiandike kitu."

Binti alimtazama Fundi, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Fundi hakujibu. Aliiacha salamu ya watu ining'inie hewani, huku macho yake yako kwa Wakili. Binti akabaki na kalamu juu, hajui aende au akae. Wakili hakumhimiza mtu. Nje walisikika wafungwa wakipasua kuni.

"Marahaba," Fundi akasema hatimaye. "Mzima, mwanangu. Andika."

Binti akaandika, akatoka mbio. Fundi akaanza kucheka, kicheko kile kibaya kinachotoka pamoja na machozi, akajifuta kwa kiganja.

"Unamtesa mtoto wa watu, afande."

"Atazoea."

"Ulijifunza lini hivyo?"

"Asubuhi ile ile," Wakili akasema. "Baada ya hapo niliingia kila seli, nikamwamkia kila mtu. Wenzangu waliniona nimechanganyikiwa, hesabu yangu ilikuwa inachelewesha chai ya gereza zima. Sikuweza kuendelea. Kila nikimaliza, alikuwa anazidi mmoja."

"Anazidi?"

"Mpaka leo."

Fundi hakuuliza ni nani. Alivuta karatasi za rufaa upande wake wa meza, akazipapasa kama anayepima kitambaa.

"Sikia," akasema. "Mahakamani mawakili huwa mnatujibia. Jaji akiuliza mrufani yupo, wakili anasimama anasema yupo. Mimi usinijibie. Niache niitikie mwenyewe."

"Utaitikia mwenyewe."

"Haya. Nionyeshe huyo shemeji yangu alivyojikanyaga."

Siku ya kusikilizwa ilifika, majaji wakaingia, watu wakainuka wakaketi. Jaji wa katikati akafungua jalada, akauliza kama mrufani yupo. Wakili alisimama, akamgeukia Fundi aliyekuwa kizimbani katikati ya askari, akamsubiri. Karani wa mahakama akakohoa. Wakili wa serikali akainua kichwa kuona kuna nini.

"Wakili," jaji akasema, "nimeuliza swali dogo sana."

"Naomba mwenyewe aitikie, waheshimiwa."

Mdogo wake, kwenye benchi la nyuma, alimwomba Mungu Fundi asishikwe na ule ukaidi wake wa siku ile.

"Nipo," Fundi akasema. Kisha, kwa nguvu zaidi, "Mimi nipo."

Jaji akaandika. Baada ya hapo Wakili aliisema kesi yote bila kupandisha sauti. Alisoma maneno ya shemeji aliyoyasema polisi, akasoma ya mahakamani, akauliza ni lipi kati ya hayo mawili jaji wa kwanza aliliamini, na kwa sababu gani. Mzee wa chuoni, aliyekuwa akisubiri kesi yake, alitikisa kichwa kama mtu aliyeona mwanafunzi wake amefaulu. Hukumu iliposomwa baadaye, rufaa ilikubaliwa, na Fundi akatoka na cherehani ya mkono aliyozawadiwa na wafungwa wenzake.

Jioni hiyo nyumbani mdogo wake alimsubiri dada amalize kuzungusha macho.

"Leo je? Tumetimia?"

"Amezidi mmoja."

"Hata baada ya Fundi kutoka?"

"Aliyezidi siye Fundi."

"Dada, mtu akifa yuko mikononi mwa Mungu. Hakai mezani."

"Najua, mdogo wangu. Mimi nasali kama wewe. Mwambie Msusi."

Miaka michache tu baada ya hapo, Mwenyezi Mungu alimwita Wakili. Ugonjwa ulianzia mgongoni na kupanda. Mchana wa mwisho ndugu walikuwa wamemzunguka kitandani hospitalini, na yule mpwa mwenye ulimi, sasa kijana mwenye ndevu, alikuwa amemshika mguu juu ya shuka. Wakili alifungua macho. Yakaanza mlangoni, yakamfikia mmoja mmoja, na midomo ikacheza. Alipofika mwisho, uso wake ulilegea kwa namna ambayo mdogo wake hakuwahi kuiona.

"Mmetimia," akasema.

Mpwa akacheka huku analia. "Leo hakuzidi mtu, afande?"

Hakujibu tena. Mdogo wake akahesabu waliokuwa chumbani, akahesabu tena. Hesabu ya dada ilitimia kwa sababu moja tu. Aliyezidi alikuwepo kama siku zote, ila safari hii Wakili hakujihesabu mwenyewe.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, wa nyumbani walibaki wenyewe mezani. Fundi alikuwa miongoni mwao. Alikuja siku ya kwanza ya msiba na cherehani yake kichwani, akashona alichoombwa kushona, hakuondoka. Chakula kilikuwa kimepakuliwa lakini hapakuwa na aliyegusa. Mdogo wake alikuwa amekaa upande unaotazama mlango, bila kujua amekaaje pale, na macho yake yalikuwa yanazunguka meza. Aligundua baada ya Fundi kumgusa bega.

"Na wewe tena?"

"Nisamehe, mama. Sijui imetokea wapi."

"Umepata wangapi?"

Mdogo wake alitazama pembe ya meza. Alitaka kusema kwamba hakuna kitu, kwamba waliokufa wako kwa Mungu, na hilo aliliamini kwa moyo wote, analiamini mpaka leo.

"Wamezidi wawili," akasema.

Mpwa akaweka kijiko chini. Fundi akavuta kiti chake pembeni, mguu wa kiti ukilia juu ya sakafu.

"Basi sogeeni," akasema. "Sogeeni wapate pa kukaa."

Wakasogea.