Damu ya Mtu Aliyekunywa Chai

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa maabara alinikabidhi kasha la barafu la kubebea damu kabla sijajua hata choo kiko wapi.

"Mama, damu ikitoka mwilini bado inakula," akaniambia. "Ukichelewa, itakula kile tunachotaka kupima."

Mie niliishia la saba, nikadhani ananitania. Hakuwa na utani yule.

Kituo chetu kilikuwa Temeke, na utafiti ulihusu mafua makali ya virusi, yale yanayoshuka mapafuni. Tulikuwa tunapima asidi amino, yaani matofali yanayojenga nyama ya mwili. Virusi vikivamia, mwili hubomoa misuli yake wenyewe upate matofali ya kujengea askari wake wa kinga. Ndiyo maana mgonjwa huinuka kitandani mapaja yamesinyaa. Hayo yote damu inayasema, mradi mgonjwa awe hajala tangu usiku.

Hapo ndipo pagumu. Alikuja babu mmoja wa Kiwalani, mbeba mizigo, homa imempanda. Nesi akamuuliza, "Babu, umekula?"

"Sijala, mwanangu."

Akatolewa damu. Msimamizi akapita, akamtazama. "Hata chai?"

"Aa, chai nimekunywa. Na chapati na maharage. Kwani chai nayo ni kula?"

Tukacheka. Msimamizi hakucheka, damu ile ilikuwa haifai tena. Na homa ikishuka, damu ya siku za ugonjwa haipatikani. Babu akawaka: "Mnanitoa damu mkaimwage? Sirudi!"

Alasiri nikatumwa nyumbani kwake nikambembeleze.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kama umefuata damu, geuza."

"Nimeifuata. Ile ya asubuhi ilikuwa inatusimulia maharage. Sie tunataka habari za homa."

Akacheka mpaka akakohoa. Mkewe akadakia kutoka uani, "Kesho chai hapati. Jiko siwashi!"

Akaja kweli, midomo imekauka, amenuna. Damu ikapatikana, ikapimwa. Msimamizi akaamuru swali libadilishwe: "Tangu jana usiku umetia nini kinywani?" Kazi ya kuliuliza nikapewa mie, nimeliuliza mpaka nastaafu, na walionichukia kwa ukali wangu walikuwa wengi.

Nyie mnaoingia maabara leo, mashine zenu nzuri, sikatai. Lakini mtu akikubali kushinda njaa na homa yake kwa ajili ya wagonjwa asiowajua, damu yake ishikeni kwa adabu. Mie niliishika hivyo, na nimetoka kazini kifua mbele.